Kuandaa Simulizi Binafsi Inayoshawishi Kuhusu Ubaguzi wa Rangi: Mwongozo kwa Wasemaji wa Dodoma

Mtu anayeishi Dodoma na mwenye jambo la kusema kuhusu ubaguzi wa rangi ana majukwaa mengi kuliko wenzake wa mikoa mingi. Kamati za Bunge hupokea maoni ya wadau hapa, wizara zimehamia hapa, Chuo Kikuu cha Dodoma kina kumbi za midahalo, redio za jamii hutafuta wageni wa vipindi, na mkutano wa mtaa wa Majengo au Chang'ombe bado hujaza watu unapoitishwa kwa jambo linalowagusa. Mara nyingi kinachokosekana ni maandalizi. Msemaji husimama, hueleza kwamba alidhalilishwa, hutaja utu na haki, hupigiwa makofi ya heshima, kisha wasikilizaji hurudi nyumbani wakiamini kile kile walichokiamini asubuhi.

Mwongozo huu unaeleza namna ya kuandaa simulizi ya jambo lililokupata wewe, au lililompata mtu aliyekuruhusu kulisimulia, ili iwabadilishe wasikilizaji mawazo. Msimamo wake ni mmoja, na hatua zote zinautumikia: simulizi hushawishi pale inapompa msikilizaji ushahidi wa kutosha hadi yeye mwenyewe alitamke neno "ubaguzi" kabla msimuliaji hajalitamka.

Simulizi hufanya nini ambacho hoja haifanyi

Katika nchi yetu anayekanusha ubaguzi wa rangi kwa kawaida si mtu mwenye chuki. Ni mtu mwema anayeamini kwamba jambo hilo liliondoka na mkoloni mwaka 1961, au kwamba ni la Marekani na Afrika Kusini, au kwamba Katiba imekwisha kulimaliza pale Ibara ya 12 inaposema kuwa binadamu wote huzaliwa huru na wote ni sawa. Ukimletea mtu huyu hoja atakujibu kwa hoja, kwa sababu hoja humwalika mtu apime na apinge. Ukimsimulia tukio hana budi kulifuata kwanza ili ajue liliishiaje, na wakati analifuata huwa amekwisha kusimama mahali uliposimama wewe. Watafiti Melanie Green na Timothy Brock walionyesha mwaka 2000 kwamba msomaji aliyezama katika simulizi huona dosari chache zaidi ndani yake, na kwamba imani zake huelekea kule simulizi inakoelekea.

Utafiti ulio karibu zaidi na kazi yetu ni ule wa Joshua Kalla na David Broockman uliochapishwa mwaka 2020. Wahamasishaji nchini Marekani walizungumza na wapiga kura kuhusu wahamiaji. Pale walipobadilishana visa vya maisha na mpiga kura bila kumhukumu, mitazamo ya kuwatenga wahamiaji ilipungua, na mabadiliko hayo yalidumu kwa angalau miezi minne. Pale walipotumia hoja peke yake, hayakuonekana mabadiliko ya maana. Ni muhimu kuzingatia kwamba walibadilishana. Mpiga kura naye alisimulia, tena alisikilizwa. Wasemaji wetu wengi huisahau sehemu hiyo, kwa kuwa tumezoea kudhani kwamba mwenye uchungu ndiye pekee mwenye haki ya kusema.

Hata hivyo simulizi ina udhaifu wake, nao usipoujua mapema utakuharibia kazi. Shanto Iyengar aligundua, katika utafiti wake wa habari za televisheni uliochapishwa mwaka 1991, kwamba habari inayomwonyesha mtu mmoja na shida yake huwaelekeza watazamaji kumtwisha lawama mtu huyo huyo badala ya kuitazama serikali au jamii. Ndiyo maana baada ya simulizi nzuri kabisa ya kijana aliyebaguliwa kazini utasikia mzee wa nyuma akiuliza kwa nini hakuacha kazi. Mzee huyo hana ukatili wowote. Ameonyeshwa mtu mmoja, hakuonyeshwa utaratibu uliomzunguka, akatafuta sababu ndani ya kile alichoonyeshwa. Dawa ya udhaifu huu imo katika hatua ya pili na ya tano.

Hatua ya kwanza: mjue msikilizaji na namna anavyokanusha

Kabla ya kuandika hata sentensi moja, kaa na watu watatu au wanne wanaofanana na wale utakaowahutubia, uwaulize wanadhani ubaguzi wa rangi ni nini na kama wamewahi kuuona. Usibishane nao. Andika majibu yao kwa maneno yao wenyewe, kwa sababu ndani ya maneno hayo ndimo ulimo ukanushaji ambao simulizi yako itakutana nao.

Katikati ya Tanzania ukanushaji wa kawaida huja kwa sura tatu. Ya kwanza ni kusema kwamba mambo hayo ni ya kwao huko. Ya pili ni kusema kwamba aliyetendewa alikuwa na kasoro yake: alichelewa, hakuvaa vizuri, hakujua Kiingereza. Ya tatu, ambayo ndiyo ngumu kuliko zote, ni kusema kwamba ule ulikuwa utani tu. Tumelelewa katika utani wa makabila, ambapo mtu huweza kumtania mtani wake hata msibani na asichukiwe, na kwa hiyo msikilizaji wetu ana njia iliyo tayari ya kulipunguza tusi. Usiudharau utani, ueleze. Katika utani pande zote mbili zina ruhusa, na anayetaniwa leo atarudisha kesho mbele ya watu wale wale. Kibarua anayeitwa jina la mnyama na msimamizi wake wa kigeni hana ruhusa ya kurudisha. Akirudisha, hana kazi. Tofauti hiyo ukiiweka ndani ya tukio, kwa kuonyesha nini kilimpata yule aliyejaribu kurudisha, haihitaji kuhubiriwa.

Katika hatua hii tafuta pia daraja, yaani uzoefu ambao msikilizaji tayari anao. Mgogo aliyewahi kukaa Dar es Salaam anajua maana ya kuonekana ombaomba kabla hajafungua mdomo, kwa sababu tu ametaja anakotoka. Hilo ni la kabila na si la rangi, na usidai kwamba ni kitu kimoja. Lakini ukiwaomba wasikilizaji wakumbuke siku waliyohukumiwa kwa asili yao, nao wakasimuliana kwa dakika chache, unakuwa umefanya kile ambacho utafiti wa 2020 ulikionyesha, na simulizi yako haitaangukia kwenye mawe.

Hatua ya pili: chagua tukio moja

Watu waliobaguliwa kwa miaka mingi hutaka kusema yote. Inaeleweka, lakini matukio kumi yakisemwa kwa pamoja huwa malalamiko, na masikio ya watu yamezoea kuyapitisha malalamiko. Chagua tukio moja lililotokea mahali panapojulikana, katika muda mfupi, ambamo mtu alipaswa kuamua jambo kwa kutazama rangi na akaamua. Tukio bora kwa kawaida si lile baya kuliko yote. Ukatili mkubwa mno humfanya msikilizaji aseme kwamba yule alikuwa kichaa, na hapo hujitoa. Dharau ndogo iliyotendwa kwa utulivu na mtu wa kawaida humkumbusha watu anaowajua.

Mwaka 1963 Martin Luther King aliandika barua akiwa gerezani Birmingham, akiwajibu viongozi wanane wa dini, wote Wazungu, waliotaka harakati za haki za watu weusi zisubiri. Angeweza kujaza barua hiyo kwa mauaji, nayo aliyataja. Lakini sehemu ambayo wasomaji wengi huikumbuka ni ile ya binti yake wa miaka sita, aliyeona tangazo la bustani ya michezo kwenye televisheni akamwomba baba yake ampeleke, na baba akawa na kigugumizi cha kumweleza kwa nini watoto weusi hawaruhusiwi kuingia. Kila mzazi amewahi kuombwa kitu na mtoto. Hoja ya kusubiri hujibiwa pale pale, kwa sababu msomaji huona ni nani hasa anayesubirishwa.

Mfano ulio karibu nasi zaidi ni wa Januari 2016 katika jiji la Bengaluru, India, ambako mwanafunzi wa kike Mtanzania alishambuliwa na kundi la watu. Muda mfupi kabla ya hapo gari lililoendeshwa na Msudani lilikuwa limemgonga na kumuua mwanamke mkazi wa eneo hilo. Mtanzania huyo hakuwemo katika gari lile wala hakuhusika na ajali. Alifika na gari jingine. Msemaji anayeanza na kipigo hupata huruma. Anayeanza na magari mawili, la kwanza limekwisha kuondoka na la pili linakaribia likiwa na watu wasiojua lolote, huufanya ukumbi mzima uone kosa lenyewe, ambalo ni kumhesabu mtu mweusi mmoja kuwa sawa na mwingine yeyote. Aliyetendewa tukio hilo haki yake iheshimiwe. Msimulie kwa kiwango kile kilichotangazwa hadharani, usimtaje jina, wala usiongeze picha.

Kipimo cha mwisho cha uchaguzi ni iwapo ndani ya tukio kuna kanuni, mlango, fomu, orodha au agizo. Kama ubaguzi wote umo katika moyo wa mtu mmoja mbaya, msikilizaji atamlaani mtu huyo na kulala usingizi. Kama umo katika mlango ambao kila mtu huupita kila siku, atauliza nani aliuweka.

Hatua ya tatu: kusanya kumbukumbu kabla ya kuandika

Andika kila unachokikumbuka bila kujali mpangilio: siku, saa, hali ya hewa, nani alikuwepo, maneno yaliyosemwa na lugha yaliyosemwa nayo, ulishika nini mkononi. Kisha tenganisha uliyoyaona na kuyasikia na yale unayoyadhani. "Alinitazama kwa dharau" ni dhana. "Alimpa mwenzangu mkono, kisha akauingiza mfukoni nilipofika mimi" ni jambo lililoonekana, nalo hubeba dharau yote bila kuitaja. Mtafute shahidi mmoja umsomee. Mahali mnapotofautiana, ondoa au sema wazi kwamba mnatofautiana. Kama upo mkataba, ujumbe wa simu au ratiba ya zamu, ihifadhi nakala yake, hata kama hutaionyesha.

Uangalifu huu si urasimu. Frederick Douglass alitoroka utumwani Maryland, Marekani, mwaka 1838, na alipoanza kuhutubia mwaka 1841 wasikilizaji wengine walikataa kuamini kwamba mtu anayesema vizuri vile aliwahi kuwa mtumwa. Alijibu mwaka 1845 kwa kuandika kitabu cha maisha yake akitaja majina ya mabwana zake na mahali walipoishi, mambo ambayo mtu yeyote wa Maryland angeweza kuyachunguza. Shaka ilipungua, lakini yeye akawa amejianika. Ilimlazimu kwenda Ireland na Uingereza kwa kuogopa kukamatwa, na huko marafiki wakamchangia fedha za kununua uhuru wake mwaka 1846. Undani unaoaminisha ndio huo huo unaohatarisha, na kila msimuliaji hupaswa kuupimia mwenyewe kabla ya kusimama.

Hatua ya nne: andika

Nitumie mfano wa kubuni, ambao nimeutunga kwa ajili ya somo hili. Fundi sanifu kijana anataka kueleza maisha katika kambi moja ya ujenzi. Rasimu yake ya kwanza inasema hivi:

"Katika kambi ile tulinyanyaswa na kubaguliwa kwa sababu ya rangi ya ngozi yetu. Utu wetu haukuheshimiwa hata kidogo na hakuna aliyetujali."

Hakuna neno la uongo humo, na hakuna la kuona. Rasimu ya pili, baada ya kupitia hatua zilizotangulia, inasema:

"Kengele ya chakula ilikuwa moja, milango ya kantini miwili. Mimi nilipima udongo na mwenzangu kutoka ng'ambo. Mashine moja, meza moja, kila ripoti ina saini zetu mbili. Siku moja ya Januari mvua ilitukuta mbali, tukarudi tumelowa, saa nane kasoro. Mlango wetu ulikuwa umefungwa, wao bado walikuwa wanakula. Mwenzangu akasema twende wote. Mlinzi alikuwa kijana wa kwetu, namjua na nyumbani kwao nakujua. Akampisha yeye, mimi akaniwekea mkono kifuani. Hakunikaripia. Aliniambia kwa Kigogo, kwa sauti ya chini, nisimponze. Mwenzangu alisimama ndani akinisubiri, hajui kwa nini siingii."

Tazama kilichofanyika. Neno ubaguzi halimo. Hakuna mtu mbaya: mwenzake ni mwema, mlinzi ana hofu, na kwa hiyo lawama haina pa kutua isipokuwa kwenye milango miwili na kwa aliyeiamuru. Saini mbili kwenye ripoti moja zimeziba mapema swali la "pengine hakuwa na sifa". Mlinzi Mgogo amempa msikilizaji wa Dodoma mahali pa kuwa ndani ya tukio, tena mahali pasipo pa raha, maana wengi wetu tumewahi kuwa mlinzi huyo kuliko tulivyowahi kuwa huyo fundi.

Mpangilio unaofaa mara nyingi ni kuanza na hali ya kawaida kwa sentensi chache, kuingia katika tukio bila tangazo, kusema ulichofanya wakati ule hata kama ulinyamaza, kisha kueleza kilichofuata. Usifiche ukimya wako. Wasikilizaji humwamini zaidi aliyenyamaza na akasema kwamba alinyamaza kuliko aliyejibu kwa hotuba ambayo kila mtu anajua ilitungwa baadaye. Maneno kama "kinyama", "kikatili" na "bila huruma" yafute yote katika mapitio ya mwisho, kisha usome tena. Kama simulizi imepoa, kosa liko kwenye tukio ulilochagua.

Kuna tahadhari moja hapa, nayo naiona nzito. Douglass mwenyewe ameeleza kwamba wenzake Wazungu katika harakati za kupinga utumwa walimtaka asimulie matukio tu na kuwaachia wao falsafa. Hakukubali, na hakupaswa kukubali. Kumwachia msikilizaji hukumu ni mbinu anayoichagua msimuliaji. Haiwezi kuwa amri ya shirika linalomleta jukwaani ili alie na mwingine achambue. Kama unaandaa mtu mwingine, hakikisha naye anapewa muda wa kusema anachofikiri kifanyike, na kwamba ndiye anayejibu maswali.

Hatua ya tano: unganisha simulizi na kanuni

Baada ya tukio, simama kidogo, kisha uwaonyeshe wasikilizaji kwamba halikuwa bahati mbaya. Hapa ndipo mahali pa sheria, historia na takwimu, na si mapema zaidi. Deborah Small, George Loewenstein na Paul Slovic walichapisha mwaka 2007 majaribio yaliyoonyesha kwamba watu waliosomewa habari za msichana mmoja wa Mali mwenye njaa walichangia zaidi kuliko waliopewa habari zake pamoja na takwimu za njaa barani Afrika. Takwimu zikiingia katikati ya simulizi, huuvunja uzi. Zikija baada yake, moja au mbili tu, humpa msikilizaji mahali pa kuipeleka hisia aliyokwisha kuipata.

Kwa upande wa sheria inatosha kutaja Ibara ya 13 ya Katiba, ambayo katika ibara ndogo ya 5 inaeleza maana ya kubagua na kuitaja rangi waziwazi miongoni mwa sababu zilizokatazwa, pamoja na kabila, pahala mtu alipotokea, dini na jinsia. Isome yenyewe, polepole, nakala ikiwa mkononi.

Historia ina nguvu zaidi Dodoma, kwa sababu bado inaonekana. Majina ya Uzunguni na Uhindini, yaliyomo katika miji yetu mingi, ni masalio ya mji uliogawanywa kwa rangi. Shule za Tanganyika ziligawanywa hivyo hivyo, za Wazungu, za Waasia na za Waafrika, hadi mfumo ulipounganishwa Januari 1962. Kongwa palikuwa na mpango wa karanga wa Waingereza ulioanza mwaka 1947 na kufa mwaka 1951, na miaka kadhaa baadaye, kuanzia 1964, pakawa na kambi za wapiganaji wa ukombozi wa FRELIMO ya Msumbiji, ANC ya Afrika Kusini na SWAPO ya Namibia. Kambi za waliokimbia ubaguzi zilikuwa mwendo wa saa chache kutoka hapa. Msikilizaji anayesema kwamba mambo hayo ni ya huko anaweza kukumbushwa kwa upole kwamba babu yake pengine aliwauzia mahindi.

Hatua ya sita: ridhaa na usalama

Kama simulizi ni ya mtu mwingine, ruhusa ya mdomo iliyotolewa sebuleni haitoshi. Mweleze itasemwa wapi, itarekodiwa au la, na nani anaweza kuisikia. Msomee toleo la mwisho. Mwambie kwamba anaweza kuifuta hadi siku yenyewe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inalinda taarifa za mtu, na zile zinazofichua asili au rangi yake huangaliwa kwa ukali zaidi. Mzee anayesimulia enzi za mkoloni asichukuliwe kuwa hana cha kupoteza; naye ana majirani.

Usitaje jina la mtu binafsi aliyekutendea, wala la kampuni kama shauri halijafika popote rasmi. Si woga tu. Simulizi ikitaja jina, mjadala wote huhamia kwenye jina hilo: kama ni kweli, kama ameitwa kujitetea, kama una ugomvi naye. Na usiwatukane watu wa taifa la aliyekubagua. Mbali na kwamba unakuwa umetenda kile kile unachokilalamikia, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaadhibu maudhui na matusi ya ubaguzi wa rangi yanayosambazwa kwa kompyuta au simu, hata yakitoka kwa aliyeanza kuumizwa.

Hatua ya saba: kusimama na kusema

Simulizi yenyewe isizidi dakika tano. Katika mkutano wa mtaa, mwombe mwenyekiti nafasi mapema, wasalimu wazee kwanza kwa shikamoo yao, na usianze na karatasi mkononi. Mbele ya kamati ya Bunge mambo hugeuka: wasilisha maandishi kabla, mtaje Mheshimiwa Mwenyekiti, weka pendekezo lako la kifungu katika ukurasa wa kwanza, na tumia tukio kama dakika mbili za kulieleza pendekezo hilo. Redioni msikilizaji hakuoni, kwa hiyo milango miwili lazima isemwe mara mbili.

Lugha ni jambo la kufikiriwa. Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Afrika Kusini, iliyoanza vikao vya hadhara katika mji wa East London nchini humo mwezi Aprili 1996 chini ya Askofu Mkuu Desmond Tutu, ilikusanya maelezo zaidi ya 21,000, na waliosema hadharani walikuwa takriban mmoja kati ya kumi. Mashahidi walisema kwa lugha zao, wakalimani wakatafsiri, na pembeni ya shahidi alikaa mtu wa kumtuliza. Vyote viwili vinawezekana hapa. Kama bibi analikumbuka tukio kwa Kigogo au Kirangi, alisimulie kwa lugha hiyo, na mjukuu atafsiri sentensi kwa sentensi. Na mtu wa kumtuliza awepo hata kwa vijana, kwa sababu kusimulia kwaweza kuamsha kilichokuwa kimelala.

Ukilia, lia na uendelee; usilie kwa kupanga.

Hatua ya nane: maswali ya ubishi

Andaa majibu mafupi kwa ukanushaji uliouandika katika hatua ya kwanza. Anayekuuliza kwa nini hukuacha kazi usimkemee. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na yeye hajakilalia. Mwambie ulikuwa na kodi ya nyumba kiasi gani na wategemezi wangapi, kisha umuulize angefanyaje. Anayesema ulikuwa utani, muulize kama mlinzi angeweza kumtania mwenye kambi vivyo hivyo na kesho yake akawa bado getini.

Swali gumu kuliko yote litatoka kwa mtu mwenye akili, naye atauliza: na sisi tunavyowatendea Watanzania wenye asili ya Asia, waliozaliwa hapa hapa Dodoma na bado huulizwa wanatoka wapi, je? Likubali swali hilo bila kujikunja. Katika mjadala wa uraia wa mwaka 1961 Nyerere alizikataa hoja za wabunge waliotaka uraia ufungamanishwe na rangi ya ngozi, na aliyakataa hayo katika nchi ambayo rangi ilikuwa imewaumiza Waafrika walio wengi. Msemaji anayekiri kwamba jamii yake nayo hubagua haipunguzii nguvu simulizi yake. Anaiondolea sumu ya kudhaniwa kwamba anawasemea watu wa upande wake tu. Kama yupo mkazi mwenye asili hiyo aliye tayari kusimulia, mpe nafasi katika kikao hicho hicho, na umpe dakika zile zile tano.

Hatua ya tisa: omba jambo moja, kisha fuatilia

Malizia kwa ombi ambalo waliopo wana uwezo wa kulitimiza. "Tupinge ubaguzi" halitekelezeki. Kuuomba mkutano umwandikie mwajiri kutaka kantini iwe na mlango mmoja, kuiomba kamati iongeze neno "rangi" katika kifungu kinachojadiliwa, au kuomba kila aliyepo anayeajiri watu apitie orodha yake ya mishahara kwa kazi zinazofanana, ni maombi yenye mwisho unaoonekana. Taja pia mahali malalamiko yanapopelekwa: Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora ina makao yake makuu hapa Dodoma, hivyo msikilizaji aliyekumbuka jambo lake mwenyewe wakati ukisema anaweza kwenda huko bila kulipa nauli ya basi la mkoa. Beba nakala chache za maelekezo ya namna ya kuwasilisha lalamiko, kwa sababu atakayekufuata baada ya kikao hatasema mbele za watu, na hatasubiri muda mrefu.

Ndani ya siku mbili andika nani aliuliza nini, sehemu gani watu walinyamaza na sehemu gani walianza kunong'ona. Sehemu ya minong'ono ndiyo ya kuandikwa upya. Baada ya mwezi mmoja rudi kwa mwenyekiti au karani wa kamati uulize ombi limefikia wapi. Na kama msimuliaji ameanza kulisema tukio lake bila kulisikia tena moyoni, mpumzishe, mtafute msimuliaji mwingine, na mwanze tena na hatua ya kwanza.